Hekalu la Sabuni katika Veranda ya Ba

Mwanangu ndiye aliyeniletea ile picha. Nilikuwa jikoni nikimenya viazi, naye akaja ameshika simu mbele kama sahani ya uji wa moto. "Mum, cheki hii place. Ati ina karibu miaka elfu moja."

Nikapangusa mikono nikaichukua simu. Lilikuwa hekalu la zamani huko India. Mbele palikuwa na bwawa la mraba lililozungukwa na ngazi za mawe, ngazi juu ya ngazi, zimekunjana kama marinda ya sketi ya shule. Nyuma ya bwawa kulikuwa na ukumbi wa nguzo zilizochongwa kutoka chini hadi juu, na nyuma ya ukumbi nyumba nzito ya mawe isiyo na kilele. Mimi sijawahi kukanyaga India. Lakini kidole changu chenyewe kilianza kutembea kwenye kioo cha simu.

"Hapa ndani kuna chumba chenye giza," nilimwambia. "Kiko tupu. Haya mawe hayana saruji, yameshikana yenyewe. Na hapa juu palikuwa na mnara, ukaanguka."

Akanitazama kwa mashaka. "Ulienda lini huko?"

Nilimwambia nilienda nikiwa mtoto, hapa hapa Nyeri, kwenye veranda ya duka. Akacheka, akachukua simu yake akaenda. Mimi nikabaki na kisu mkononi, viazi vikibadilika rangi ndani ya maji, nikimwona Ba waziwazi kana kwamba amekaa pale karibu na jiko.

Ba alikuwa mama yake Kishor, mwenye duka ambalo mama yangu alikuwa akishonea nguo kwenye veranda yake. "Ba" kwa lugha yao ni mama, au nyanya, lakini hilo sikulijua. Kwa muda mrefu nilidhani ni "Baba" iliyokatwa mkia, na sikuelewa kwa nini bibi mdogo vile, mwenye sari nyeupe na soksi za sufu na sweta ya kijani ya mwanawe, aitwe nusu ya baba. Alikuwa na meno machache na masikio makubwa yaliyovutika kwa uzito wa vipuli alivyoacha kuvaa alipofiwa na mumewe. Alinukia tangawizi. Asubuhi alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani ya Mama, akichambua dengu kwenye ungo, na wawili hao waliweza kukaa hivyo hadi saa sita bila kuzungumza neno, wametulia tu.

Tulikuwa tumetoka Gakindu, Mama na mimi, baada ya baba kufariki na ndugu zake kutuonyesha kwa njia nyingi kwamba ile nyumba haikuwa yetu tena. Mama alifika mjini na cherehani aliyokuwa ameinunua mwenyewe akiwa msichana. Aliuliza nafasi katika veranda kadhaa. Ba ndiye aliyesogeza magunia ya chumvi kwa mguu na kumwambia, "Weka hapa. Hapa mvua hapana fika."

Mwaka ule ninaoukumbuka, nilishikwa na nimonia. Nilikaa hospitali, nikarudi nimebaki mifupa na macho, na daktari akasema nisiende shuleni kwanza wala nisikimbie kwenye baridi. Ilikuwa Julai, na mnajua Julai ya Nyeri. Asubuhi mawingu yanakaa chini mpaka unadhani ukipanda juu ya paa utayagusa. Mlima hauonekani, jua halionekani, na nguo zilizofuliwa zinaning'inia kwenye kamba siku nzima bila kukauka. Kwa hivyo nilikaa kwenye veranda, nimefungwa leso ya Mama kifuani, katikati ya cherehani na ungo wa dengu, nikichoka kwa kutofanya kitu.

"Wewe toto nanuna nini?" Ba aliniuliza siku moja.

"Hakuna jua," nikasema. "Jua limeenda wapi?"

Aliweka ungo chini. "Jua iko na nyumba yake," akasema. "Mimi najua. Mimi nazaliwa karibu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Aliniambia kwamba kijijini kwao kulikuwa na nyumba ya Jua, iliyojengwa na mfalme wa zamani sana, kabla ya babu wa babu yake. Watu wa kwao walimwomba Mungu ndani ya jua, na mfalme akamjengea nyumba inayotazama mapambazuko. Kwanza bwawa la kuoga, ili mtu asimwendee Mungu na vumbi la barabara. Kisha ukumbi wazi, nguzo tupu bila kuta, nguzo zilizochongwa wachezaji ngoma na ndovu na wanawake wanaojitazama kwenye vioo. Kisha nyumba yenyewe, na ndani yake chumba kidogo cha giza. Humo chumbani, wazee walisema, ilisimama sanamu ya dhahabu. Halafu wakaja watu wa vita wakaichukua dhahabu, wakavunja nyuso za wale wachezaji ngoma, na ardhi ikatetemeka mnara ukaanguka, na Mungu akaondoka.

"Alienda wapi?" nikauliza.

Ba alinyanyua mikono yake miwili kuelekea mawinguni, upande ule ambako mlima ulikuwa umejificha. Leo najua alikuwa anasema tu kwamba hajui. Lakini mimi nilifuata mikono yake, na nikaona inaelekea Kirinyaga, ndio Mlima Kenya. Na cucu wangu, yaani nyanya yangu wa kule Gakindu, alikuwa ameniambia tangu nikiwa mdogo kwamba Ngai, Mungu wetu, anakaa juu ya Kirinyaga. Kila kitu kikajipanga kichwani mwangu, kikakaa sawasawa.

Wiki hiyo hiyo, katoni moja ya sabuni ya kufulia, ile ya miche mirefu, ililowa kwenye stoo ya Kishor. Karatasi ziligandamana na miche ikapindapinda, haikuuzika. Kishor alikuwa anaibeba kuipeleka nyuma Ba alipomzuia.

"Wacha hapa."

"Ba, hiyo ni mali ya duka!"

"Na duka ni mali ya nani?" Ba akauliza, na Kishor akaiacha.

Akaniambia, "Toto, wewe nataka ona nyumba ya Jua? Kuja. Tajenga."

Tulikata sabuni kwa waya, mimi nikishika upande mmoja na yeye mwingine, na ilikatika vizuri kama siagi ya baridi. Tulianza na bwawa. Chini tuliweka kipande cha kioo kilichovunjika, hayo ndiyo maji, na kukizunguka tukapanga ngazi, nyeupe na samawati, kila safu ikirudi nyuma kidogo kuliko iliyo chini yake. Ba hakukubali niharakishe. Ngazi ikikaa vibaya aliitoa na kunipa tena bila kusema kitu. Nilipotaka kugandisha vipande kwa mate alinipiga kofi dogo la mkono. "Hapana! Kule hapana gundi. Jiwe nashika jiwe." Akanionyesha jinsi ya kuchonga ulimi upande mmoja na shimo upande wa pili, hadi vipande vikaingiana vikakaa.

Nguzo zilikuwa shida. Sabuni ikisimamishwa wima ilipinda. Tulijaribu mishumaa, ikaanguka. Mama alikuwa ametutazama siku hizo zote kwa pembe ya jicho, akikanyaga cherehani yake bila neno, maana alikuwa mtu wa kanisa na jambo lile halikumkalia vizuri. Asubuhi moja alisimamisha gurudumu kwa mkono.

"Mama," alimwambia Ba, kwani alimwita hivyo, "hii kitu mnajenga na mtoto yangu. Ni mungu?"

"Hapana mungu," Ba akajibu. "Mungu nakwenda zamani. Mimi toto kama huyu, yeye tayari nakwenda. Mbuzi tu nalala ndani. Hii ni nyumba."

"Nyumba tupu?"

"Tupu."

Nadhani Mama alikuwa anaiona nyumba nyingine, ya mabati, kule Gakindu, na kahawa iliyokuwa ikichanua mlangoni bila yeye kuivuna. Kisha akainama, akavuta mkebe uliokuwa chini ya cherehani, akamimina mbele yetu rili za uzi zilizoisha, zile za mbao, za miaka yote aliyoshona.

"Hizi zitasimama," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Na kweli zilisimama. Rili juu ya rili, zenye viuno vyembamba na vichwa vipana, zilikuwa nguzo kabisa. Ba alizigusa moja moja akisema maneno ya kwao kwa sauti ya chini, na mimi nikachora juu yake kwa kalamu wachezaji ngoma wasio na nyuso, kwa kuwa nyuso zilikuwa zimevunjwa. Nyuma ya ukumbi tukajenga nyumba nene ya sabuni, na ndani yake chumba kidogo, na tukakifunika kwa kifuniko cha mkebe wa kakao. Nilitaka kuweka kitu ndani, kifungo cha shaba au ushanga. Ba akakataa. "Mimi nakuta tupu. Acha tupu."

Halafu akaniambia jambo ambalo lilinifanya nisilale vizuri kwa hamu. Alisema mfalme na mafundi wake walikuwa wamepima mambo yote kwa jua. Mara mbili kwa mwaka, siku ambazo mchana na usiku hulingana, jua likichomoza lilipita juu ya bwawa, likapita katikati ya nguzo, likaingia hadi chumba cha giza na kukiwasha. Kaka zake waliamka alfajiri kwenda kutazama. Wasichana walibaki kukama nyati wa kufugwa. Kila mwaka mama yake alimwambia, mwaka ujao utaenda. Kisha akaposwa, akaletwa Kenya bado msichana, na mwaka ujao haukufika.

"Sisi tageuza hii," akasema, na tukaisukuma mbao iliyobeba hekalu, polepole, mpaka mlango ukatazama upande wa mashariki, ambako barabara inaelekea Kiganjo. Kishor alichungulia kalenda ya ukutani akamwambia siku hiyo itakuwa Septemba. Tukaanza kungoja. Mawingu yalikaa palepale.

Jumapili ya kwanza niliyoruhusiwa kurudi kanisani, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili aliuliza Mungu anakaa wapi. Alikuwa Mwalimu Nekesa, mke wa askari wa chuo cha polisi cha Kiganjo, mama mrefu aliyetoka upande wa magharibi mwa nchi, mwenye sauti iliyofika hadi nje ya dirisha. Watoto wote wakapiga kelele, "Mbinguni!" Mimi nikanyanyua mkono.

"Mwalimu, zamani alikuwa anakaa India kwa nyumba ya mawe. Watu wakaiba vitu vyake, akahama. Akakuja Mlima Kenya. Ndio maana Wahindi walikuja Nyeri. Walikuwa wanamfuata."

Watoto walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mwalimu Nekesa hakucheka. Aliniuliza nimeyatoa wapi hayo, na mimi, kwa fahari kubwa, nikamweleza yote: sabuni, nguzo, chumba cha giza, jua litakaloingia.

Siku ya pili yake alikuja verandani. Nilimwona akivuka barabara na mkoba wake kifuani, nikafurahi, nikidhani amekuja kutazama. Akina mama wa kanisa walikuwa wamempa Mama kazi ya kushona vitambaa vyao vya kichwa, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata pale mjini. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa kwenye meza, vingine vimeshonwa nusu.

"Mama Wanjiru," Mwalimu akasema bila kukaa, "mimi nakupenda, ndio maana nimekuja mwenyewe kabla wengine hawajakuja. Mtoto wako anajenga sanamu na Mhindi. Kanisa lote linaongea. Hivi vitambaa ni vya kuvaa madhabahuni. Havitashonewa mahali kama hapa."

Nilimwangalia Ba. Alikuwa ameshika ungo, macho chini. Nilimwangalia Mama. Mama hakuwa mtu wa kujibizana. Ndugu za baba walipomfukuza hakuwajibu, alifunga mizigo tu. Nilingoja aanze kukunja vitambaa.

Alisimama.

"Mwalimu, huyu mtoto akiwa hospitali, nani alikuwa anamletea maziwa ya tangawizi kila jioni, kwa miguu, na hii baridi? Si mimi nakuuliza vibaya. Nauliza tu. Wewe umesema ni sanamu. Umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi iangalie kwanza. Ukipata mungu hapo ndani, nitabeba hii cherehani leo."

Mwalimu Nekesa aliweka mkoba chini. Alilizunguka hekalu akiinama. Aliangalia bwawa, akaangalia nguzo, akajaribu kuchungulia chumbani lakini mlango ulikuwa chini sana. Akapiga goti moja. Haikutosha. Akapiga la pili, akainamisha kichwa, mpaka shavu lake likagusa saruji na makalio yake yakawa juu kuliko kichwa, akafumba jicho moja ili aone vizuri kwa lile lingine.

"Hakuna kitu," akasema kutoka huko chini, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa.

Ba aliinua macho kutoka kwenye dengu. "Mwalimu," akasema kwa upole, "sasa hapa nani napiga magoti?"

Mwalimu Nekesa akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, shavu bado liko chini, akicheka mpaka akashindwa kuinuka, na Mama akamshika mkono huu na Ba mkono ule wakamwinua, wote watatu wakicheka sasa, na Kishor akatoka dukani kuuliza kama kuna mtu ameumia. Ba akaagiza chai. Mwalimu alikunywa vikombe viwili na akataka kujua ngazi za bwawa zilikuwa za kazi gani.

Sitaki kusema kila kitu kilikuwa sawa baada ya hapo. Baadhi ya akina mama walichukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine, na kuna aliyepita mbele yetu mwaka mzima akiangalia ng'ambo ya barabara. Lakini Mwalimu Nekesa alikiacha chake palepale, na wengine wakaviacha vyao kwa sababu yake.

Septemba ilifika na mawingu yake. Ba alianza kuamka mapema na kukaa verandani kwenye giza la asubuhi, amejifunika shuka mpaka kichwani. Sisi tulilala chumba cha nyuma ya duka, na kila siku niliamka nikamkuta pale, na kila siku kulikuwa na ukungu. Alikuwa amekonda. Nilimsikia Kishor akimwambia Mama kwamba dada yake aliye Nairobi anataka kumchukua Ba akae kwake, karibu na madaktari. Niliomba kwa namna zote nilizozijua. Nilimwomba Ngai wa cucu na Mungu wa Mwalimu, nikidhani kwa vyovyote ni yule yule aliyehama.

Halafu asubuhi moja Mama alinitikisa begani. "Amka. Amka haraka. Mlima umetoka."

Nilitoka bila viatu. Mbingu ilikuwa imeoshwa. Mlima ulisimama pale, mweusi, wenye meno meupe, karibu kama ng'ombe wa jirani. Ba alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu ameikunja kama msichana. Tukakaa kila mmoja upande wake. Jua likatokea juu ya mapaa ya ng'ambo, likagusa ukingo wa veranda, likatambaa kwenye saruji, likapanda ngazi za sabuni moja baada ya nyingine. Lilipofika kwenye kioo, bwawa likawaka. Mwanga ukapita katikati ya rili za Mama, vivuli vya nguzo vikalala chini vyote kwa pamoja, na ukaingia mlangoni.

Chumba kilichokuwa na giza kikawa cha manjano. Hakukuwa na kitu ndani isipokuwa hilo.

Ba aliweka mkono wake mmoja kwenye goti la Mama na mwingine kwenye kichwa changu. Mimi nilimnong'oneza, "Amerudi?" Ba akaitikia kwa kichwa, au labda kichwa chake kilikuwa kinatetemeka tu kwa uzee. Mwanga ulikaa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha ukahama.

Mvua za Oktoba zilikuja kwa upepo wa ubavu, na licha ya ahadi ya Ba, zilifika verandani. Tuliamka tukakuta ngazi zimeyeyukiana, bwawa limejaa povu, nguzo zimelala. Nililia kwa sauti. Nilimwambia Ba tumeharibikiwa, tujenge tena kabla hajaenda Nairobi.

"Kwa nini nalia?" akasema. "Ile ya mawe navunjika. Hii ya sabuni nakaa kwa nini?" Akavingirisha mikono ya sweta yake, akaanza kugawa sabuni. Mama alipata kuta, mke wa Kishor akapata sakafu ya ukumbi. Mwalimu Nekesa alipopita na kuona, akasimama, akafungua mkoba.

"Mimi nipeni hizo ngazi," akasema. "Niko na nguo za askari za kufua, na mnajua vile zinakaa."

Jumamosi, kwa kuta hizo za hekalu, Mama alifua kila kitu tulichokuwa nacho: nguo zangu za shule, leso, mashuka, na vitambaa vya kichwa vya akina mama, ambavyo vilikuwa vimemalizika na vilihitaji kulainishwa kabla ya kuvaliwa. Jua lilikuwa limerudi kabisa, vikakauka vyote kabla ya saa tisa.

Jumapili akina mama walivivaa kwa mara ya kwanza. Waliingia kanisani kwa mstari, vitambaa vyeupe mpaka macho yanauma, wakajaza mabenchi ya mbele, na Mwalimu Nekesa akiwa kwenye kona pamoja na mumewe, sare yake imenyooka kama ubao. Mchungaji alipanda mimbarini, akasita, akavuta pumzi kwa nguvu.

"Akina mama," akasema, "leo nyumba ya Bwana inanukia vizuri. Mungu awabariki."

"Amina!" wakaitikia.

Mama aliangalia mbele, uso mkavu kabisa. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu, na mkono wake wote ulikuwa unatikisika kwa kicheko.